Bi Mkubwa na Mafuta Yake ya Kijani

Niliolewa nikiwa mke mmoja, lakini nina mke mwenza. Usicheke. Ana magurudumu manne, viti vya ngozi, mbao za kung'aa mpaka milangoni, na anakaa kwenye banda lililojengwa liwe chumba changu cha kushonea. Majirani wamempa jina, wanamwita Bi Mkubwa. Basi mimi niliyezaa na kulea ndani ya nyumba hii ndiye bi mdogo, na cherehani yangu iko sebuleni, imebanwa kati ya kochi na friji. Mteja akija kupimwa kiuno, inabidi mume wangu atoke nje akasimame uani mpaka tumalize.

Ni gari la Kiingereza, la zamani, la wakubwa. Lile ambalo ukiliona barabarani unajua aliyemo ndani hajawahi kupanga foleni ya kitu chochote maishani mwake. Pua yake ndefu inaingia mtaani kwetu mapema, mkia unafuata baadaye. Ukifunga mlango wake husikii kishindo, unasikia tu kwamba nje kumenyamaza. Siku lilipoletwa, watoto wa mtaa mzima walikuja kujitazama kwenye bati lake, na tangu siku hiyo mume wangu mtaani hana jina lingine ila Mwingereza.

Utajiri haukulileta, nisije nikaeleweka vibaya. Mume wangu alikuwa dereva. Alimwendesha Bosi, mwenye kiwanda cha magodoro, tangu ujana wake mpaka siku Bosi alipoanguka ofisini akafa. Kiwanda kikafungwa. Wenzake wa mashineni walipewa chao, kidogo lakini kilikuwa chao, wakaenda kuanza maisha. Mume wangu aliitwa nyumbani kwa marehemu. Mjane wa Bosi, ambaye hata sisi wenye nywele za mvi tunamwita Madamu, akamwambia mbele ya wageni, "Dereva, wewe siyo mfanyakazi. Wewe ni mtu wa nyumbani. Hao wengine tumewapa hela, wewe tunakupa gari."

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akalia kwa furaha. Na mimi, mjinga, nikapiga kigelegele. Nilikuja kusikia baadaye, kwa mpishi wao, kwamba gari lile lilikuwa limetangazwa kuuzwa tangu Bosi yu hai. Wanunuzi walikuwa wanakuja, wanalizunguka, wanafungua boneti, wanalifunga polepole kama waliofunua jeneza, wanaaga. Hakuna aliyelitaka. Ndivyo kiinua mgongo cha mume wangu kilivyoingia nyumbani kwetu, kinakunywa petroli.

Gari kama lile hulimiliki, unaliuguza. Lina kabureta mbili, na lazima zipumue sawasawa. Basi utamkuta baba wa watu mzima ameinama, ameweka mpira wa maji sikioni na ncha ya pili kwenye kabureta, anasikiliza ya kulia, anasikiliza ya kushoto, anakunja uso, anazungusha skrubu kidogo mno, anasikiliza tena. Ukimsalimu haitikii. Vioo vya umeme vina akili zao, mvua ikinyesha ndipo vinapotaka kushuka. Chini ya injini kuna sinia langu la kuokea linalokinga oili. Nikimwambia gari linavuja ananuna. "Halivuji," anasema, "linaweka alama." Gasketi zikiisha anakata nyingine kwa karatasi ngumu ninazochorea ramani za nguo, tena kwa mkasi wangu wa vitambaa! Mkasi wa vitambaa, jamani! Fundi nguo yeyote anayesoma hapa anajua kwamba watu wameachana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Viti ndivyo vilivyonimaliza. Ngozi ilikuwa imekauka ikapasuka kila mahali. Akanunua ngozi kwa fundi viatu, akaniletea kwa macho ya kuomba. Nilivishona vyote, vya mbele na vya nyuma, nikifuata matundu ya uzi wa zamani moja baada ya jingine ili kazi isijulikane. Nilivunja sindano mpaka nikaacha kuhesabu, na kidole gumba changu hakijanyooka vizuri mpaka leo. Nilipomaliza akapitisha kiganja juu ya mshono taratibu, akasema, "Mama watoto, hata huko lilikotengenezwa wasingejua." Hajawahi kunisifu hivyo kwa jambo lingine lolote, na mimi kwa siku kadhaa nilitembea nimevimba kichwa.

Lakini dini yake hasa ilikuwa mafuta ya breki. Breki za gari lile siyo kama za magari yetu haya. Zinatumia mafuta ya kijani ya aina yake, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayoinua nyuma ya gari likibeba watu, ili wakubwa wasikae wameinama. Ukitia mafuta ya breki ya kawaida, yale ya kituo cha petroli, umeliua. Yanakula raba zote ndani, kuanzia kwenye pampu mpaka kwenye magurudumu. Alinieleza jambo hilo mara nyingi hata ningeweza kulihubiri. Mafuta ya kijani aliyapata kwa fundi mmoja wa mitambo mizito, mji mwingine kabisa, akawa anayafuata kwa basi na kurudi na dumu amelipakata. "Hata mtoto wetu wa kwanza hukumpakata hivyo," nilimwambia. Dumu lilikaa juu ya kabati la nguo chumbani, ili mtu asije akalichukua kwa bahati mbaya. Kila nilipoamka nilitazamana nalo.

Na safari sasa? Hakuna. Linatoka bandani, linakwenda mpaka mwisho wa mtaa, linageuka, linarudi. Mwaka ule nilipoteguka mkono nilipelekwa hospitali kwa pikipiki, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa ametoka tu kuoshwa na barabara ya hospitali ina tope. Haki ya Mungu, simsingizii.

Utauliza, mwanaume mwenye akili timamu anafanya yote hayo kwa ajili gani? Kwa ajili ya mtoto mmoja wa kike. Bosi alikuwa na binti wa mwisho, mume wangu alimpa jina la Kidosho na jina likamganda. Yeye ndiye aliyempeleka shule asubuhi na kumrudisha mchana, miaka yote. Alimfunga kamba za viatu. Alimfunika koti akisinzia. Sasa siku moja, akiwa bado ana mapengo ya meno ya mbele, yule mtoto akamwambia, "Anko, nikiolewa utaniendesha wewe. Kwa gari hili."

Mtoto wa umri ule anasema maneno mangapi kwa siku? Wa kwangu walisema watanijengea ghorofa. Lakini mume wangu alilichukua neno lile akaliweka moyoni, na tangu tulipoletewa gari hakuficha. Injini ikikohoa, "Lazima ikae sawa kabla ya siku ya Kidosho." Rangi ikichubuka, "Siku ya Kidosho watu watapiga picha." Nilimtania, "Na akiolewa na rubani wa ndege je?" Akajibu bila hata kucheka, "Atatua. Nitampokea uwanjani." Hakutaka kitu kingine duniani. Kushika usukani siku ile, amfungulie mlango, watu waone. Basi. Hata mimi, pamoja na kisirani changu chote, nilikuwa nimeanza kuingoja siku hiyo. Nilijiambia, akishamwendesha atatosheka, labda hata banda nitalipata.

Kidosho akachumbiwa. Habari ilipofika, mume wangu alihamia bandani. Nilikuwa nampelekea chai huko huko.

Jumatatu ya wiki ya harusi walikuja kulichukua, kwa ajili ya picha na mazoezi na sherehe ndogo ndogo za kabla. Yeye alikuwa ameamka mapema, amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mara ya pili kwa sababu ya kwanza aliona kola haijakaa. Gari lilikuwa nje ya banda, linawaka kama limetoka dukani. Alikuwa amesimama pembeni yake, mikono nyuma.

Madamu akashuka kwenye teksi, na Kidosho nyuma yake, na kijana mmoja mwenye miwani ya jua na suti ya kubana. "Dereva," Madamu akasema, "tumekuja kuchukua gari letu."

Letu! Nilikuwa mlangoni na sindano mdomoni, nikaitoa.

"Lipo tayari, Madamu," mume wangu akasema, na akasogea kwenye mlango wa dereva.

"Hapana, hapana. Huyu ndiye atakayeliendesha. Wale wa shughuli za harusi wana dereva wao, wana sare, wanataka vyote viendane. Wewe pumzika sasa, umefanya kazi sana. Siku ile wewe ni mgeni wetu."

Mume wangu alimtazama Kidosho. Kidosho alikuwa anaandika kitu kwenye simu. Akamaliza, akainua uso, akaja akamkumbatia. "Anko, nimewaambia wakupe meza nzuri kabisa."

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sawa, Madamu." Akatoa ufunguo akampa yule kijana. Nilitamani kupiga kelele. Yeye amesimama tu, uso mkavu, kama aliyeagizwa akanunue gazeti.

Hapo ndipo palipotokea lile jambo, na ili ulielewe lazima ujue Bosi alivyomfundisha kazi. Wiki yake ya kwanza alimwambia, "Nikiwa na watu wangu garini, wewe huna mdomo. Ukiulizwa jibu. Usipoulizwa, wewe ni usukani." Akaishika sheria hiyo mpaka ikawa ngozi yake. Kuna siku Bosi alisahau mkoba wake kwenye ngazi za hoteli, mume wangu akauona, lakini kwa kuwa ndani mlikuwa na wageni hakusema mpaka wageni waliposhushwa. Walirudi mbio, mkoba haupo. Unadhani alifukuzwa? Thubutu. Bosi alimsifia adabu yake.

Basi alimshika yule kijana kiwiko, akamvuta pembeni. "Kijana, njoo kidogo nikueleze kuhusu..." Lakini Madamu alikuwa ameshaingia nyuma na Kidosho ameshakaa, na kioo kimeteremshwa. "Jamani twendeni, mpiga picha anasubiri." Na mume wangu akanyamaza pale pale, neno likiwa limefika kwenye meno. Akarudi nyuma hatua, akafunga mlango wa Madamu taratibu kama alivyofunga maisha yake yote.

"Mwambie habari ya mafuta!" nikamnong'oneza.

"Madamu yumo ndani."

"Hata kama yumo! Mwambie!"

Gari likaondoka. Tuliliona linakata kona, pua kwanza, mkia baadaye.

Nikamwambia ampigie Madamu simu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani. "Nimpigie Madamu wiki ya harusi kumweleza mambo ya mafuta?" Nikasema basi nipe mimi nimpigie. Akaishika simu yangu akaiweka chini. "Acha, mama watoto. Nilijaza jana mwenyewe. Yatatosha mpaka Jumamosi, na Jumamosi nitawahi, nitafungua boneti niangalie." Nikaacha. Kulikuwa na magauni ya wasimamizi wa harusi nyingine yananisubiri, na mume wangu alikuwa amekaa kitini na shati lake jeupe hata hajalifungua vifungo. Sikuwa na nguvu ya kumbana zaidi.

Jumamosi tuliwahi kweli ukumbini. Gari halikuwepo, lilishakwenda kumchukua bibi harusi. Meza nzuri kabisa ilikuwa ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, tumekaa na mlinzi wa zamani wa kiwanda na yule mpishi. Kila mhudumu akipita na sinia mlango unanigonga kiti. Mume wangu hakugusa hata maji. Masikio yake yalikuwa nje. Injini ile anaijua hata ukimwamsha usingizini.

"Linakuja," akasema, na alikuwa ameshasimama.

Tukatoka uani, pamoja na watu wengine waliotaka kuona. Wapiga tarumbeta walikuwa wamejipanga kando ya ngazi na ngoma yao kubwa. Bi Mkubwa akatokea mwisho wa barabara, maua puani, riboni mpaka kwenye vioo, na watu wakaanza kushangilia. Mume wangu akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Limekaa chini," akasema.

"Nini?"

"Nyuma. Nyuma limekaa chini. Halijanyanyuka."

Na kweli, lilikuwa limeburuta makalio. Likaingia getini, likapita pale lilipotakiwa kusimama, na yule kijana ndani nilimwona mdomo wazi, goti linapanda na kushuka, anakanyaga, anakanyaga, wapi! Wapiga tarumbeta wakatawanyika. Gari likapanda juu ya ngoma, ngoma ikalia mara moja tu, na pua ikajikita kwenye ukuta wa maua chini ya ngazi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini watu walipiga mayowe, na mwenye ngoma alipiga zaidi ya wote.

Mume wangu ndiye aliyefika wa kwanza. Hakukimbilia boneti, nilidhani atakimbilia boneti. Alikwenda mlango wa nyuma, akaufungua, akampa Kidosho mkono. Shela limeenda upande, machozi na wanja vimechanganyika. "Pole, mwanangu, shuka taratibu, angalia ngazi," anamwambia, kwa sauti ile ile ya kumpeleka shule.

Kijana akashuka miwani mkononi. "Hili gari ni bovu! Breki halina kabisa! Juzi taa iliwaka, nikaongeza mafuta ya breki, jana nikaongeza tena, na bado!"

"Mafuta gani?" nikamuuliza.

"Ya breki, mama. Ya kawaida. Ya kituo cha mafuta."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa amesikia. Uso wake niliuona unavyobadilika, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba na bado anashikilia mlango ili wakubwa wapite. Na Madamu anashuka ngazi, mkufu unaruka kifuani.

"Dereva! Ungetuulia mtoto! Miaka yote hii umekaa na gari unalifanya nini? Unaliosha tu?"

Watu wote wakamgeukia yeye. Nikasema moyoni, sasa, baba. Sasa hivi. Neno moja tu.

"Nisamehe, Madamu," akasema.

Damu ikanipanda kichwani. Nilifungua mdomo, na akanibana mkono. "Si leo," akaninong'oneza, na macho yake yalikuwa yananiomba. "Usimharibie siku yake." Nikafunga mdomo wangu, kwa ajili ya mtoto wa watu na siku yake. Hatukungoja keki.

Bi Mkubwa alirudishwa amefungwa nyuma ya lori. Mume wangu alikaa chini yake siku nzima, akatoka na kitu mkononi, kiraba kilichokuwa kimevimba na kulainika kama mkate ulioloweshwa kwenye chai. Akakibonyeza mbele yangu kikasagika. "Zote ziko hivi," akasema. "Na siku hizi hazitengenezwi." Akakaa kwenye sakafu ya banda, akalia. Msibani kwa Bosi alitoa machozi. Pale alilia kwa sauti, mabega yanaruka, na mimi niliyelichukia lile gari nikakaa naye chini nikalia pia. Nililia kwa ajili yake, na kwa viti vyangu, na kwa hasira.

"Nenda ukawaambie," nikamwambia alipotulia. "Waambie mafuta yalivyokuwa. Usiombe chochote, jisafishe jina tu. Mtaa mzima unasema Mwingereza alitaka kumuua bibi harusi."

"Kidosho atakuja," akasema. "Kidosho ananijua."

Na alikuja kweli, sitasema uongo. Waliporudi kutoka fungate, akaja na mumewe, wana zawadi ya vikombe kwenye boksi. Kochi likawa la mumewe na la mume wangu, Kidosho akakaa kwenye kiti cha cherehani. Nikawaletea soda. Nilikuwa na moyo mwepesi siku ile, nilijua sasa mambo yatanyooka.

Kidosho akaishika mikono ya mume wangu yote miwili. "Anko, mama bado ana hasira. Lakini mimi nimemwambia, anko ni mtu mzima sasa, macho yamechoka, mikono imechoka, hakufanya makusudi. Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu. Nimekusamehe. Moyo wangu mweupe kabisa."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Asante, mwanangu," akasema, na sauti ikamkatika. "Mungu akubariki."

Asante! Nikaweka sinia mezani, glasi zikagongana.

"Kidosho, mwanangu, ngoja kwanza," nikasema. "Unamsamehe kwa kosa gani?"

"Mama watoto," mume wangu akaanza.

"Leo utaninyamazia wewe." Nikaingia chumbani, nikapanda juu ya stuli, nikaliteremsha dumu, nikalileta nikalisimamisha katikati ya meza pembeni ya vikombe vyao. Nikawaeleza polepole, bila matusi, na nilikuwa nayo mengi. Haya ndiyo mafuta ya gari lile, ya kijani, mnaona rangi yake. Ya kawaida yanakula raba. Dereva wenu alitia ya kawaida mara mbili, alisema mwenyewe mbele ya watu. Huyu baba alitaka kumweleza pale nje ya banda, mama yako akasema twendeni. Breki zilikuwa nzima kama za gari jipya. Alizitunza kwa ajili yako wewe, siku yako wewe, tangu ukiwa na mapengo.

Nilimaliza nikiwa nahema. Kidosho akalitazama dumu, akamtazama mumewe, kisha akamgeukia mume wangu. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, naapa, alikuwa ameanza kuelewa. "Ni kweli, anko?"

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Ndiyo tu, na asiseme kingine mpaka kufa kwake kama anapenda.

Akacheka. Kile kicheko kidogo cha dereva, cha kuwapa wakubwa nafasi ya kupita. "Aah, usimsikilize, mwanangu. Mke wangu ni mtu wa nguo, hajui magari. Raba zilikuwa za zamani tu. Ni uzembe wangu."

Kidosho akashusha pumzi. "Basi yameisha," akasema, na akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mama wa watu anayechanganya maneno kwa uzee. Wakanywa soda zao. Wakaomba picha bandani na gari, na mumewe akanipa simu mimi ndiye nipige. Nikapiga. Niliwakata vichwa wote watatu, na sikuomba radhi.

Walipoondoka akarudi ndani amechangamka, anasugua mikono. "Umeona? Amekuja mwenyewe. Mpaka nyumbani kwangu!"

"Umenifanya mwongo mbele ya watoto," nikasema.

"Mama watoto, ulitaka nifanyeje? Nimwambie mama yake ndiye aliyekosea? Yule angeondoka hapa na asingerudi tena. Wewe ni mke wangu, wewe utanielewa."

"Nani amekuambia mimi sitaondoka?"

Akacheka. Alidhani natania. Akanipigapiga begani, akalichukua dumu lake mezani akalirudisha juu ya kabati, akatoka. Ningekuwa na pa kwenda ningekwenda siku ile ile, na nguo nilizovaa. Sina. Wazazi wangu walishakufa, na cherehani haibebeki mgongoni. Nikakusanya glasi za wageni nikaziosha, na kutoka bandani nikawa namsikia anapiga miluzi, anafuta vumbi kwenye gari lisilotembea.